Nyundo, Soksi na Mama Mkwe: Wikiendi ya Kupasua Mawe Ganako

Mwambie mtu wa Dar kwamba wikiendi hii unakwenda Karatu, swali lake la kwanza ni moja tu: "Mnashuka kreta?" Utadhani mji mzima uliwekwa pale ili watu wanywe soda na kujaza mafuta kabla ya kwenda kumwona faru. Ni kweli, wageni wengi wanapita tu. Jioni magari ya utalii yanaingia yamejaa vumbi, watu wanalala, asubuhi saa kumi na mbili hao geti la Lodoare. Mimi nimeolewa huku, kwa hiyo Karatu naiona kwa upande wake wa pili: upande wa kuulizwa mbona mmepotea sana, upande wa kubebeshwa mahindi na vitunguu vya Mang'ola wakati wa kurudi, upande wa baridi ya mwezi wa saba ambayo hakuna aliyekuonya siku unavalishwa pete.

Ganako ni moja ya kata za wilaya ya Karatu. Ndiko kwa wakwe zangu. Udongo mwekundu, mashamba ya mahindi na mbaazi, ng'ombe wawili watatu kila boma, na ukiinua macho unaona milima ya Ngorongoro na msitu wake umevaa ukungu kama mtu aliyejifunika shuka hadi masikioni. Wenyeji wengi ni Wairaqw, wale ambao sisi wengine tumezoea kuwaita Wambulu. Ukimpata mzee mwenye muda, muulize habari za nyumba za zamani zilizochimbiwa ardhini ubavuni mwa kilima, paa likiwa sawa na nyasi, adui apite juu asijue kama chini watu wanapika. Mume wangu husema ndiyo maana watu wa kwao si wasemaji: wamezoea kukaa kimya wakisikiliza nyayo.

Hilo la ukimya naliweka hapa makusudi. Kwa miezi miwili kabla ya safari hii mimi na yeye tulikuwa tunaongea kwa "umekula?" na "umeme umekatika". Baba mkwe alifariki mwaka jana, akaacha shamba la ekari tatu. Kisha ikaja kampuni moja ya loji inayotaka eneo lenye mandhari ya msitu. Barua ikaandikwa kwa watoto wa kiume, yaani mume wangu na shemeji yangu. Shemeji alitaka kuuza. Mume wangu hakutaka, lakini hakusema kwa nini. Na mimi? Mimi nina nyumba Njiro iliyofika kwenye lenta mwaka wa pili sasa, kila mvua ikinyesha inanyeshea ndani, kwa hiyo mimi nilikuwa upande wa shemeji na sikuficha. Umepata picha.

Tuendelee na safari kwanza, maana njia yenyewe ni raha.

Kutoka Arusha hadi Karatu ni lami mwanzo mwisho, kama saa mbili na nusu hadi tatu ukiwa huna haraka. Unafika Makuyuni unakata kulia. Mto wa Mbu simama ununue ndizi nyekundu. Ni fupi, nene, na utamu wake hauna mpinzani. Halafu gari linaanza kukwea ukuta wa Bonde la Ufa. Pale juu kuna sehemu ya kusimama kuangalia Ziwa Manyara. Kama mmenuniana, simameni tu, hata mtu aliyenuna atasema "dah". Ukimaliza kupanda hewa inabadilika, unapita Rhotia, na muda si mrefu uko Karatu unatafuta sweta.

Safari hii hatukwenda peke yetu. Wifi yangu anayeishi Toronto alikuwa amekuja likizo, na kwenye begi lake, badala ya pafyumu na vitenge vya kizungu tulivyozoea, alikuwa na mawe manane. Mawe! Ya mviringo, ya rangi ya udongo, makubwa kama mpira wa tenisi, mengine zaidi kidogo, yamefungwa moja moja kwenye gazeti. Shemeji alicheka hadi akakaa chini. Mtu umelipia kilo za ndege kutoka Kanada kuja na mawe Karatu, mahali ambapo mawe ndiyo kitu pekee kisichokosekana?

"Subirini," wifi akasema. "Haya hayajafunguliwa."

Mawe hayo yanaitwa jiodi. Kwa nje hayana mvuto wowote. Ungeyaona barabarani ungeyapiga teke. Ndani kuna uwazi, na kuta za uwazi huo zimeota fuwele, zile chembe zenye pembe kali zinazong'aa kama sukari ya mawe. Nchi za wenzetu watu wanayanunua yakiwa mazima, kwa furaha ya kuyapasua wenyewe nyumbani, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo mpaka alipasue. Kifurushi cha wifi kilikuwa na karatasi inayosema yametoka Moroko. Yaani mawe yalizaliwa Afrika, yakavuka Atlantiki, yakauzwa dukani Toronto, kisha yakarudi Afrika kwenye begi la Mwiraqw. Kama una rafiki mwenye stori ndefu zaidi ya viza, niletee.

Yanatokeaje? Hapa ndipo nilipopenda, maana jibu liko mlimani pale mbele yetu. Volkano inapotema zaha, ule uji wa moto unakuwa na gesi ndani yake, kama soda iliyotikiswa. Uji ukipoa haraka, mapovu yanabaki yamenaswa kwenye jiwe. Fikiria andazi lililoumuka vizuri, ukilikata unaona matundu. Miaka inapita, maji yanapenya polepole kwenye jiwe yakiwa yamebeba madini yaliyoyeyuka, hasa silika, kitu kile kile kinachotengeneza mchanga na kioo. Maji yanaingia kwenye tundu, yanaacha utando mwembamba ukutani, yanatoka, yanakuja mengine. Kwanza mara nyingi inajengeka akiki, tabaka juu ya tabaka, kama miduara ya kitunguu. Nafasi ikibaki katikati, fuwele za kwatsi zinaota kuelekea ndani, kila moja ikigombea uwazi uliopo. Ni kazi ya maelfu ya miaka, mara nyingine mamilioni. Kukiwa na chuma kidogo, na mnururisho wa asili wa miamba ukafanya kazi yake kwa muda mrefu, kwatsi inageuka zambarau, ndiyo ile amethisti ya kwenye pete. Si lazima iwe volkano. Hata kwenye mawe ya chokaa jiodi hutokea, maji yakipata tundu la kukaa. Jiwe lililojaa hadi katikati bila uwazi, hilo kwa haki si jiodi tena, na kwenye mchezo wetu lilihesabika kuwa umechapwa.

Zipo kubwa za kutisha. Mwaka 1999 huko Pulpí, Hispania, kwenye mgodi wa zamani, walikuta jiodi ya urefu wa mita 8 hivi, fuwele zake za jasi zinapitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Ziwe kubwa au ndogo, zile za zambarau zinazopamba mapokezi ya hoteli nyingi duniani hutoka zaidi Brazili na Uruguai, kwenye zaha ya kale.

Na huku kwetu? Ngorongoro yenyewe ni volkano iliyoporomokea ndani zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, ikaacha bakuli la karibu kilomita 20 kwa upana na mita 600 kwenda chini. Ukanda wote huu ni nyumba ya zaha na majivu yaliyogeuka mawe. Mwaka 2018 UNESCO iliutambua kuwa Jiopaki ya Ngorongoro Lengai, na watu wengi hawajui kwamba mipaka yake inagusa wilaya tatu: Ngorongoro, Monduli na hii hii Karatu. Hivyo ukilala Ganako umelala ndani ya urithi wa mawe, hata kama umekuja kwa ajili ya nyama choma. Niliokota jiwe jeusi kwenye rundo la mawe ya msingi nyuma ya jiko la mama mkwe, nikaliangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Lilikuwa na vitundu vidogo kama vya sifongo, na vingine vimejaa kitu cheupe. Ule weupe ni mchezo ule ule wa maji na mapovu, ila tundu ni dogo kama punje ya mtama. Wairaqw wamejengea misingi na mapovu ya volkano miaka yote hiyo na hakuna aliyewatoza kiingilio.

Jumamosi baada ya chai tukatoka nje. Vifaa havikuwa vya ajabu: nyundo ya fundi, tindo ya kukatia zege, soksi mbili nzito za mume wangu, beseni la maji, mswaki wa zamani. Miwani ya kukinga macho tulinunua mjini duka la vifaa vya ujenzi, na hapo sitanii: kipande cha kwatsi ni kioo, kikiruka jichoni wikiendi yenu itaishia hospitali. Watoto wa shemeji, wawili, walivalishwa miwani kwanza kabla ya mtu yeyote kugusa nyundo.

Njia rahisi ni ya soksi. Unatumbukiza jiwe ndani, unafunga mdomo, unaliweka juu ya jiwe kubwa tambarare, unagonga. Soksi inazuia vipande kuruka. Ubaya wake ni kwamba huchagui jiwe lipasukie wapi. Unaweza kupata nusu mbili nzuri au ukapata kokoto. Njia ya wastaarabu ni tindo: unaiweka katikati ya jiwe, unagonga polepole, unazungusha kidogo, unagonga tena, mpaka mstari unazunguka kama mkanda kiunoni. Unaendelea kuzunguka na mstari huo huo, na mahali fulani mlio unabadilika. Hapo unajua limekubali. Inataka subira, na nakwambia hakuna kipimo kizuri cha tabia ya mtu kuliko kumpa tindo na jiwe ukamwangalia. Shemeji yangu aligonga mara nne kisha akaomba soksi.

Kabla ya kupasua kuna ramli yake. Shika mawe mawili yanayolingana ukubwa. Lile jepesi lina nafasi kubwa ya kuwa na uwazi. Litikise sikioni, likitoa sauti ya chembechembe kuna fuwele zilizokatika ndani. Si uhakika, lakini inaongeza kelele, na kelele ndiyo tuliyoikosa nyumba hii tangu msiba.

Mume wangu akaanza. Alichagua kubwa kuliko yote (wanaume!), akavaa miwani, akagonga kwa heshima zote. Likapasuka vipande viwili: ndani jiwe tupu, kijivu, kama kichwa cha samaki aliyekaushwa. Watoto wakamzomea. Nilicheka, na yeye akacheka, na nikagundua sikuwa nimeusikia mcheko huo tangu mwezi wa tano.

Shemeji akafuata na soksi yake: fuwele ndogo nyeupe, nyingi, kama mtu amemwaga chumvi ya mawe. Watoto, kila mmoja na lake, wakisaidiwa na baba yao: meupe yote mawili, moja fuwele zake kubwa kiasi cha punje za mahindi. Langu lilikuwa na uwazi mdogo sana katikati, lakini kuta zake za akiki zilikuwa na mistari ya kijivu na buluu iliyofifia, myembamba kuliko uzi. Nilikataa kubadilishana na mtu. Wifi alipasua mawili, moja tupu na moja jeupe, akalalamika kwamba duka limemwibia.

Mama mkwe alikuwa pembeni muda wote huo, anachagua maharage. Alikuwa ameshauliza swali lake: "Mnalipia mawe? Huku tunayatoa shambani kwa jembe, tunayatukana." Lilibaki moja. Wifi akamwambia, "Mama, hili lako." Akakataa. Wakamsihi. Akaweka ungo chini, akaja, akaitazama soksi, akaitupa kando. Akachukua tindo. Mwanamke huyu ana miaka sitini na saba na amepasua kuni maisha yake yote. Aligonga, akazungusha, akagonga, akazungusha, hatujui hata kama anapumua, na mlio ulipobadilika akaacha nyundo akalifungua kwa mikono, kama unavyofungua chungwa.

Lilikuwa jeupe kwenye ukingo, kisha moshi-moshi ndani, fuwele ndefu zimeelekeana kutoka pande zote mpaka zinakaribia kugusana. Jua la saa tano liliingia humo likatawanyika kwenye uso wake. Hakuna aliyesema kitu. Halafu shemeji, kwa utani kabisa, akasema: "Tungekuwa na haya shambani, nani angeuza?"

Mama akainua kichwa. "Kwani nani anauza?"

Kimya. Kuku tu.

"Nimesikia kuna barua," akasema. "Nimesikia kwa jirani. Mimi mmeniuliza lini?"

Hebu nikuache hapo kidogo, msomaji, kama sisi tulivyoachwa, maana hakujibiwa mpaka usiku. Tulikosha mawe.

Ni rahisi: maji, sabuni kidogo, mswaki laini. Kukiwa na madoa ya kutu watu hutumia asidi ya oksaliki, lakini hiyo ni sumu, si ya kuchezea nyumbani kwenye watoto. Siki nayo usiikimbilie; kama ndani kuna kalsaiti badala ya kwatsi, siki itaila. Amethisti usiiweke dirishani, jua linaifubaza. Na usimruhusu mtu mwenye grenda akukatie jiwe kavu kavu kwa ajili ya kupata nusu nzuri. Vumbi la silika likiingia kwenye mapafu halitoki. Ndilo lililowaumiza wachimbaji wengi migodini. Kukata ni kwa mashine yenye maji. Nyundo inatosha.

Ukinunua, fungua macho. Akiki ya waridi kali au buluu ya kalamu karibu kila mara imetiwa rangi. Sitrini nyingi ya njano sokoni ni amethisti iliyopashwa moto. Moroko kuna mafundi wanaogundishia fuwele za kung'aa za risasi ndani ya jiodi ya kawaida na kukuuzia kama ajabu la dunia. Si kila ubadilishaji ni utapeli, tuelewane: hata tanzanaiti yetu, inayopatikana Mirerani tu tangu 1967, mara nyingi hutoka ardhini ikiwa ya kahawia na hupashwa moto ndipo buluu yake inatokea, na biashara nzima inalijua hilo. Tatizo ni kuuziwa bila kuambiwa.

Na la muhimu zaidi kwa nyie mtakaopata mzuka wa kuokota: ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro usitoe jiwe, hata dogo, hata kama limelala barabarani linakuomba. Nje ya hifadhi pia, madini Tanzania yako chini ya Jamhuri kwa Sheria ya Madini ya 2010. Kuchimba na kuuza kunataka leseni, na kusafirisha nje kunataka kibali. Yule kijana atakayekusogelea na karatasi iliyokunjwa, eti ana zumaridi ya Manyara, mwambie asante kaka, endelea na safari. Zumaridi kweli zipo upande ule wa Ziwa Manyara, zimechimbwa tangu miaka ya 1970, lakini kwenye karatasi ile kuna uwezekano mkubwa ni chupa ya bia. Nenda kwa muuzaji mwenye leseni, dai risiti.

Jioni baridi ilishuka, tukakaa jikoni kwa mama, makande yako jikoni, mawe yamepangwa kwenye dirisha. Shemeji akasoma barua kwa sauti. Mama akaisikiliza yote. Kisha akasema mambo matatu, bila kupandisha sauti. Kaburi la mzee liko kwenye shamba hilo. Migomba na kahawa za upande wa chini alizipanda yeye, akiwa na mimba ya huyu, akamwonyesha mume wangu kwa kidole. Na ekari ya juu, ile ya mawe isiyootesha kitu zaidi ya mbaazi, hana shida nayo, watu wa loji waikodi, wailipie kila mwaka, mkataba uandikwe. Auze? Hapana.

Wifi, ambaye Toronto anafanya kazi ya nyaraka, akamkumbusha kaka yake kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Shemeji akasema analijua hilo. Mama akasema, "Umelijua leo." Tukala.

Usiku mume wangu akaongea. Huko nje unaona nyota mpaka unaogopa, na yeye amekaa kwenye ngazi na blanketi, anazungusha nusu ya lile jiwe lake tupu mkononi. Akaniambia kwamba siku ya maziko aliahidi kitu pale kaburini na hakujua namna ya kuniambia, kwa sababu alijua hesabu ya mabati ya Njiro ninayo kichwani. Nikamwambia hesabu ninayo, ni kweli, na siachi kuwa nayo. Nataka paa. Sikutaka kujifanya mtakatifu kwa sababu ya nyota. Tulipiga hesabu upya palepale kwa simu: kodi ya ekari moja ikigawanywa kwa mama kwanza, kisha watoto watatu, kwetu itabaki kiasi gani. Kidogo. Paa litasubiri mwaka, labda miwili. Niliumia. Lakini tulikuwa tunaongea, saa saba ya usiku, kwenye baridi ile, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kama amekula.

Najua unasubiri niseme ndoa ni kama jiodi. Sisemi. Jiodi haiombi mabati.

Jumapili, badala ya kreta, tulikwenda Olduvai. (Wenyewe wanasema Oldupai, ndilo jina sahihi, ni katani mwitu kwa Kimaasai; wageni ndio waliolikosea.) Kiingilio cha hifadhi ni cha nafuu sana kwa Mtanzania, beba kitambulisho. Mary Leakey aliokota pale fuvu maarufu la Zinj tarehe 17 Julai 1959, na kila mtu anakwenda kwa ajili ya fuvu. Mimi nilikwama kwenye kabati la mawe. Karibu miaka milioni 2 iliyopita kuna kiumbe alikaa bondeni pale akagonga jiwe kwa jiwe mpaka likatoa makali. Tena hawakuokota lolote tu: walitumia zaha ya milimani, na mawe meupe ya kwatsi kutoka kilima cha Naibor Soit, jina ambalo kwa Kimaasai ni mawe meupe tu. Upande wa pili, kule Ziwa Eyasi ndani ya Karatu yetu, kuna pango la Mumba ambako watu wa baadaye sana waliacha zana nyingi za kwatsi, shanga za ganda la yai la mbuni, na vipande vya jiwe jeusi la kioo ambalo wataalamu wamelifuatilia mpaka Kenya, maeneo ya Naivasha, zaidi ya kilomita 300. Mtu alibeba jiwe safari yote hiyo. Nikamwonyesha wifi. "Unaona?" akasema. "Na hao hawakuwa na begi la magurudumu."

Kama mnataka kujaribu, mawe mazima ya kupasua hayapatikani kirahisi madukani kwetu. Agiza kwa ndugu aliye nje, sita yanatosha, mkiyapasua moja moja na si yote kwa mkupuo. Nendeni Karatu kati ya mwezi wa sita na wa tisa kama mnapenda baridi na njia kavu, au baada ya mvua za masika mkitaka kijani. Vyumba viko vya bei zote, kuanzia gesti za mjini hadi loji za kwenye mashamba ya kahawa ambazo bei yake nisingependa kuitaja mbele ya mabati yangu.

Kampuni ilijibu baada ya wiki tatu. Hawakukataa kukodi, wanataka kuja kuongea, na wameomba wapewe ekari moja na nusu badala ya moja. Safari hii barua imeandikwa kwa jina la mama. Ameiweka dirishani, chini ya nusu ya lile jiwe lake, isipeperuke.